Kuuza virutubisho vya nyumbani huko Marekani: mambo ya kupanga kabla mzigo haujaondoka Dar au Mombasa

FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haitoi kibali cha virutubisho. Naanza na hili kwa sababu ndo ombi la kwanza la karibu kila mtu anayenitafuta, "nisaidie nipate cheti cha FDA nianze kuuza unga wangu wa mlonge Marekani", na kuna watu mtandaoni wanauza hivyo vyeti kweli, vina tai, vina muhuri wa dhahabu, mia kadhaa za dola, halafu ukikisoma taratibu unakuta kinasema tu kwamba kiwanda chako kimesajiliwa. Usajili wenyewe ni bure, unaufanya kwenye tovuti ya FDA, na FDA yenyewe haitoi cheti chochote cha usajili. Kwa hiyo hela ya cheti iweke, utaihitaji maabara.

Marekani kuna sheria ya 1994 inaitwa DSHEA, hii iliweka virutubisho upande wa chakula na sio upande wa dawa. Maana yake bidhaa haipitiwi na serikali kabla ya kuingia sokoni, mwenye bidhaa ndo anayewajibika kwamba ni salama na kwamba lebo yake inasema kweli. Watu wakisikia hivyo wanafurahi, kumbe hapo ndo kazi inapoanza, maana kama serikali haijakuthibitishia basi kila mtu mwingine kwenye mnyororo anataka umthibitishie yeye: mwagizaji anataka karatasi, kiwanda cha kujaza kapsuli kinataka karatasi, Amazon inataka karatasi, bima inataka karatasi. Ukija na bidhaa nzuri bila ushahidi huna bidhaa, una mzigo tu.

Haya ninayoandika ni kwa mtengenezaji aliyeko Tanzania, Kenya au Uganda, na pia kwa yule ndugu wa diaspora anayepigiwa simu usiku "wewe si uko huko, tuingizie mzigo". Wote wawili wasome, kuna mahali wa diaspora anaumia zaidi.

Kwanza amua unauza nini hasa

Unaweza kuuza kopo lenye jina lako, kapsuli 60, liko tayari kwenye shelfu. Au unaweza kuuza unga kwa kilo, kwenye mifuko ya kilo 20 au 25, kwa kampuni ya Kimarekani ambayo tayari ina brandi yake. Kila mtu anataka kopo, naelewa, kopo lina jina lako na faida kwa kila moja ni kubwa. Ila ushauri wangu kwa anayeanza ni unga kwa kilo, na sioni sababu ya kuuzungusha.

Sababu ni hizi. Anayetengeneza kirutubisho kilichokamilika anabanwa na kanuni za uzalishaji zinazoitwa 21 CFR sehemu ya 111, zilitoka 2007, na ni nzito, kila kiambato lazima kipimwe kuthibitisha kwamba ndicho chenyewe, uwe na rekodi kuu ya uzalishaji, rekodi ya kila bechi, na sampuli za akiba unazotunza mwaka mmoja baada ya tarehe ya mwisho wa matumizi au miaka miwili tangu bechi ya mwisho isambazwe. Anayeuza malighafi anaangukia sehemu ya 117, zile kanuni za jumla za usalama wa chakula, sio rahisi lakini kikundi kilichojipanga kinaziweza. Pili, ukiuza unga lebo ya mlaji sio yako, madai ya kiafya sio yako, simu ya mteja aliyeumwa tumbo haiji kwako kwanza. Tatu, na hii ndo kubwa, yule mnunuzi atakufundisha. Atakutumia orodha ya vipimo anavyotaka, atakurudishia bechi ya kwanza na kukwambia kwa nini, na ukifika bechi ya nne au ya tano unajua soko linataka nini kuliko semina yoyote.

Kopo litakuja baadaye. Na likija, mara nyingi ni nafuu unga utoke nyumbani na kapsuli zijazwe Marekani kwenye kiwanda cha kukodi ambacho tayari kina hizo rekodi. Ukisisitiza kujaza nyumbani basi tumia ganda la mmea, lile la jelatini linatokana na ng'ombe au nguruwe na litakufungulia maswali ya idara ya kilimo ya huko kuhusu magonjwa ya mifugo, achilia mbali wateja Waislamu na wasiokula nyama ambao watauliza hilo ganda limetokana na nini.

Mmea wako unaruhusiwa?

Kuna tarehe moja ya kukariri, 15 Oktoba 1994. Kiambato ambacho hakikuwa kinauzwa kwenye virutubisho Marekani kabla ya hapo kinahesabiwa kipya, na kipya unatakiwa kupeleka taarifa FDA siku 75 kabla ya kuanza kukiuza, ukiwa na ushahidi wa usalama, isipokuwa kama kilikuwa tayari kinaliwa kama chakula bila kubadilishwa kikemikali. Hii inawagusa sana wale wenye dawa za asili za babu, mzizi unaojulikana Singida au Kitui tu. Haimaanishi haiwezekani, inamaanisha usianze nao.

Mlonge unauzwa huko kila kona. Habbat soda ipo, tangawizi na manjano zipo za kumwaga. Ubuyu una historia nzuri, ule unga wa ndani ya tunda Ulaya waliuruhusu kama chakula kipya 2008, na FDA mwaka 2009 ilisema haina swali juu ya matumizi yake kwenye baadhi ya vyakula. Naongelea unga mkavu lakini, ule ubuyu mwekundu wa Zanzibar wenye sukari na iliki ni pipi, na ile rangi yake ikiwa ya kutengenezwa lazima itoke kwenye bechi iliyothibitishwa na FDA, kwa hiyo usiuchanganye humu.

Mwani una soko ila una mambo mawili, iodini na metali nzito, pima vyote kabla hujaongea na mtu. Na kuna gome la Prunus africana, mti wa milimani kwetu, Wakikuyu wanauita muiri, gome lake linatumika kwenye virutubisho vya tezi dume duniani kote. Mti huo uko kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, bila kibali cha CITES hutoki nao. Aloe za porini ni hivyohivyo, iliyoachwa nje ya orodha ni Aloe vera peke yake. Nimeona watu wanaambiwa "hizo ni sheria za wanyama", hapana, mimea nayo imo.

Risasi, yaani metali, ndo inaua biashara nyingi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo pana pesa na ndo watu hawapangi.

California ina sheria inaitwa Prop 65, ilipigiwa kura 1986, inasema ukimuuzia mtu kitu chenye kemikali fulani juu ya kiwango bila kumpa onyo unashtakiwa, na anayeshtaki sio lazima awe serikali, mtu binafsi na wakili wake wanaweza kununua kopo lako mtandaoni, kulipima, wakakutumia notisi ya siku 60. Faini inaweza kufika dola 2,500 kwa kosa kwa siku. Kwa madini ya risasi, kwa upande wa madhara ya uzazi, kiwango ni mikrogramu 0.5 kwa siku. Nusu mikrogramu. Biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa lakini duka linalokuuzia halijasamehewa, na duka litakuletea wewe bili.

Sasa tufanye hesabu. Maabara imekwambia unga wako wa mlonge una risasi 0.4 ppm, maana yake mikrogramu 0.4 kwenye kila gramu. Umeandika kwenye mfuko "tumia vijiko viwili kwa siku", tuseme ni gramu 10. Hapo mlaji anapata mikrogramu 4, mara nane ya kiwango. Unga uleule ukiuweka kwenye kapsuli za miligramu 500, mbili kwa siku, ni gramu 1, mlaji anapata 0.4, uko chini ya mstari. Unga ni mmoja, shamba ni moja, dozi ndo imebadilisha kila kitu. Na ukitaka kuuza kwa gramu 10 kwa siku unatakiwa ushuke mpaka 0.05 ppm, na majani makavu ya kando ya barabara hayafiki hapo hata uyaombee dua.

Kwa hiyo panga kinyumenyume. Anza na dozi, dozi ikupe kiwango cha metali, kiwango kikwambie shamba gani linafaa na lipi halifai. Pima udongo na majani ya kila shamba kivyake kabla hujachanganya, maana ukishachanganya mashamba 40 ya kikundi na matokeo yakaja mabaya hujui nani kaharibu. Mashamba yaliyo karibu na barabara kuu, dampo, machimbo, au gereji yaache yauze sokoni nyumbani kama majani ya mboga, au tuseme kiukweli, hata huko sio vizuri.

Kwenye kupima, maabara iwe na ithibati ya ISO 17025, kile kiwango cha kimataifa cha maabara, na ithibati hiyo iwe inagusa kipimo chenyewe unachotaka, sio maabara ina ithibati ya kupima maji halafu inakupimia kadimiamu kwenye majani. Omba metali nne: risasi, arseniki, kadimiamu, zebaki. Omba viuatilifu pia, na hapa kuna mtego mwingine. Marekani kila kiuatilifu kinawekewa kiwango kwa zao husika, na kama hakuna kiwango kilichowekwa kwa zao lako basi mabaki yoyote yanayoonekana ni kosa. Mazao madogomadogo kama mlonge yana viwango vichache sana. Jirani akipulizia nyanya upepo ukaleta kwako, tayari.

Kukausha na kusaga

Mwaka 2025 kulikuwa na mlipuko wa Salmonela Marekani uliofuatiliwa hadi kwenye unga wa majani ya mlonge uliotoka India. Tangu hapo mnunuzi yeyote makini akisikia neno mlonge anauliza swali moja, unaua vipi vijidudu. "Tunakausha juani kwa usafi" sio jibu. Jua haliui Salmonela kwa uhakika, na kwenye unga mkavu anakaa miezi bila shida.

Jibu linaloeleweka ni kwamba majani yanaoshwa kwa maji yenye klorini iliyopimwa, yanakaushwa ndani kwenye trei zilizo juu, sio kwenye turubai ambapo kuku na mbuzi wa mama mwenye nyumba wanapita, halafu kuna hatua ya kuua, kwa kawaida mvuke, na hatua hiyo imejaribiwa na ina rekodi ya joto na muda. Mashine ya mvuke ni ghali kwa kikundi kidogo. Njia ambayo wengi wanaitumia ni kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba unga haujapitia hatua ya kuua, ukaandika hivyo kwenye nyaraka, na yeye akaandika kwamba ataifanya huko. Inakubalika na inashusha bei, lakini ni bora kuliko kudanganya.

Kuhusu kusaga. Usipeleke majani kwenye mashine ya mtaani inayosaga mahindi, karanga na ufuta. Karanga ni mzio mkubwa kwa Wamarekani, na ufuta umeingizwa kuwa mzio wa tisa wa lazima kutajwa tangu 1 Januari 2023. Vumbi la karanga lililobaki kwenye kinu linatosha bidhaa nzima kuondolewa sokoni. Mashine iwe ya kwenu peke yenu, chuma cha pua, na sumaku ya kunasa vipande vya chuma mwishoni.

Usajili, na wewe wa diaspora soma hapa vizuri

Kiwanda kinachotengeneza, kufungasha au kuhifadhi chakula kinachokwenda Marekani kinajisajili FDA. Unahitaji namba ya DUNS, namba ya utambulisho wa biashara, hiyo ni bure kutoka Dun & Bradstreet ukikubali kusubiri, usilipie haraka yao kama huna haraka. Na kiwanda cha nje lazima kiwe na wakala aliyeko Marekani, mtu au kampuni yenye anwani halisi, sio sanduku la posta. FDA itamwandikia huyo wakala kumuuliza kama kakubali, asipojibu ndani ya siku 30 usajili unafutwa. Ndo maana kuna watu wanajikuta wamefutwa bila kujua, waliandika jina la shemeji na shemeji imeli haifungui.

Sasa wewe shemeji. Kuwa wakala sio kuazima jina. FDA ikitaka kukagua kiwanda inakupigia wewe, ikitokea dharura inakupigia wewe, na ukaguzi wa marudio baada ya kiwanda kukutwa na kosa una ada, na bili ya ada hiyo kwa kiwanda cha nje inatumwa kwa wakala. Fanyeni mkataba hata kama mmenyonya titi moja. Andikeni nani analipa nini, na uwe na haki ya kujitoa.

Kuna kofia nyingine tofauti kabisa, mwagizaji wa FSVP, hii imetokana na sheria ya usalama wa chakula ya 2011, FSMA. Huyu ndo anathibitisha kwamba msambazaji wa nje anafuata viwango, na kila mzigo unapoingia jina lake, imeli yake na DUNS yake vinaandikwa kwenye nyaraka za forodha. Wakala wa kiwanda hawi mwagizaji wa FSVP moja kwa moja, lazima akubali kwa maandishi. Mwagizaji mdogo, mauzo ya chakula chini ya dola milioni moja kwa mwaka kwa wastani, ana masharti mepesi, anahitaji zaidi barua ya uhakikisho kutoka kwa msambazaji angalau kila miaka miwili, pamoja na kuchukua hatua kukiwa na tatizo.

Na hapa kuna kazi ambayo naona Waswahili wa diaspora wanaipita. Kanuni inasema anayepitia rekodi za FSVP lazima awe na ujuzi na awe anaweza kusoma lugha ya hizo rekodi. Daftari la kikundi cha kina mama Korogwe limeandikwa Kiswahili: tarehe, kilo, nani kaosha, joto la chumba. Rekodi kuwa za Kiswahili sio kosa, FDA wakiomba tafsiri ndo unawapa. Lakini kampuni ya Kimarekani inayoagiza haina mtu wa kuzisoma. Ukisomea kozi ya FSVP, ni ya siku chache, ukawa unasoma hayo madaftari na kuandika ripoti, una huduma ya kuuza kwa waagizaji kadhaa kwa wakati mmoja, na inalipa kuliko kubeba makopo kwenye begi.

Maneno kwenye lebo, na kwenye Instagram

Kama umefika hatua ya kopo, upande wa mbele unahitaji jina la bidhaa likiwa na maneno "dietary supplement" na kiasi kilichomo. Nyuma kiboksi cha "Supplement Facts", viambato, sehemu ya mmea iliyotumika, yaani jani au mzizi au gome, jina na mahali pa kampuni, nchi ilikotoka, na anwani au simu ya Marekani ambayo mteja akipata madhara atatumia. Hiyo simu ipokelewe. Mtu akipata madhara makubwa, kalazwa kwa mfano, aliye kwenye lebo ana siku 15 za kazi kuripoti FDA, na rekodi anatunza miaka sita.

Halafu hili dogo. Ukiandika maneno ya Kiswahili kwenye lebo, tuseme "Mlonge safi kwa afya ya familia", kanuni inataka taarifa zote za lazima nazo ziwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Watu wanaweka kwa ajili ya urembo halafu lebo inakuwa na kosa. Ama andika zote mbili ama baki na Kiingereza.

Madai sasa. Nyumbani tumezoea: inatibu kisukari, inashusha presha, inaondoa vidonda vya tumbo, inaongeza nguvu za kiume. Kwenye sheria ya Marekani ukitaja ugonjwa umesema ni dawa, na dawa isiyopitishwa ni haramu, imeisha hiyo. Unachoruhusiwa ni kusema inavyosaidia kazi ya kawaida ya mwili, mfano "inasaidia mmeng'enyo", uwe na ushahidi, uweke ile kauli ndani ya boksi kwamba maelezo hayajatathminiwa na FDA na bidhaa haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote, na uitaarifu FDA ndani ya siku 30 tangu uanze kuuza ukiwa na dai hilo.

Lebo yako inaweza kuwa safi na ukaponzwa na simu. FDA inasoma tovuti, kurasa za mitandao, ushuhuda wa wateja unaousambaza, hata alama za reli, yaani hashtag. Mwaka 2020 FDA na FTC, tume ya biashara ya huko, walitoa barua za onyo kwa pamoja kwa waliouza vitu vya kuzuia korona, na ushahidi mwingi ulikuwa ni maneno ya wauzaji wenyewe mtandaoni. Ukurasa wa Kiswahili wenye lebo ileile na kiungo cha kununulia hauna kinga. Kabla hujamuunganisha mtengenezaji na mnunuzi yeyote, kaa naye mfute machapisho ya zamani, moja baada ya jingine, najua inauma maana mengine yana layki elfu moja. Na bidhaa ya nguvu za kiume mimi siigusi. FDA imekamata nyingi zenye sildenafili iliyofichwa ndani, yaani dawa ya Viagra, kwa hiyo hata yako ikiwa safi inaangaliwa kwa jicho baya.

Kusafirisha

Nyumbani unahitaji cheti cha afya ya mimea, Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS, pamoja na mambo ya TBS au KEBS kulingana na bidhaa. Upande wa pili, kila mzigo wa chakula unatolewa notisi ya awali FDA kabla haujafika: saa 8 kwa meli, saa 4 kwa ndege. Hii inahusu pia kifurushi cha kilo mbili unachomtumia mnunuzi aonje, watu wanasahau, kifurushi kinakaa kwenye ghala la kampuni ya vifurushi na mnunuzi anaona huna mpangilio kabla hata hajafungua mfuko.

Tafuta broka wa forodha aliyewahi kutoa mizigo ya FDA, sio wa magari. Atakwambia habari ya bondi, utaona dola 50,000 utashtuka, tulia, hicho ni kiwango cha dhamana sio pesa unayotoa, wewe unalipa ada ya mwaka. Ushuru muulize wiki ileile unayosafirisha, viwango vya Marekani vimebadilika mara nyingi tangu 2025 na bei uliyopiga Januari inaweza isiwe na maana Juni. Ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 ambao wengi walikuwa wanautumia kutuma kopo mojamoja uliondolewa 29 Agosti 2025, usipange biashara juu yake.

Mzigo ukizuiliwa utapewa nafasi ya kujieleza. Ukikataliwa una siku 90, urudishe au uteketezwe. Kibaya zaidi ni kuingizwa kwenye orodha nyekundu, ya Salmonela ni Import Alert 99-19, ukiwa humo kila mzigo wako unaokuja unashikwa bila hata kupimwa mpaka uthibitishe umejirekebisha, na kutoka humo ni kazi ndefu. Bechi moja uliyoilazimisha kwa sababu mnunuzi alikuwa na haraka inaweza kukufikisha hapo.

Wapi pa kuuzia

Wanunuzi wa unga unawapata kwenye maonyesho mawili makubwa, Natural Products Expo West huko Anaheim kila Machi, na SupplySide Las Vegas kwenye miezi ya mwisho wa mwaka. Usikodi meza mwaka wa kwanza, ingia kama mtembeleaji, beba sampuli ndogo zilizofungwa vizuri na karatasi ya vipimo. Barua pepe ya kwanza kwa mnunuzi iwe fupi: zao, asili yake, kilo unazoweza kutoa kwa mwezi kwa ukweli, matokeo ya maabara ya bechi ya karibuni, namna ya kukausha, bei ya FOB, yaani bei mpaka mzigo upakiwe melini. Hadithi ya kijiji na picha za watoto ziache mpaka aombe. Kama una cheti cha oganiki cha USDA, idara ya kilimo ya Marekani, sema mapema, ila ujue tangu 19 Machi 2024 kila mzigo wa oganiki unaoingia unahitaji cheti cha uagizaji cha kielektroniki, cheti cha shamba peke yake hakitoshi.

Ukiuza kopo Amazon, watataka bidhaa ipimwe na kuthibitishwa na taasisi ya tatu wanayoitambua, na barkodi halali ya GS1, hiyo unaipata nyumbani, za Tanzania zinaanza na 620 na za Kenya 616, zinasoma popote duniani. Maduka ya Waafrika Columbus, Minneapolis, Dallas ni mahali pazuri pa kujaribu ladha na kifungashio, ila sheria ni zilezile, na malipo ni ya mali kauli, andikiana.

Kwenye malipo ya wanunuzi wakubwa utakutana na siku 30, 60, wengine 90 baada ya kupokea. Piga hesabu kama kikundi kinaweza kukaa miezi mitano tangu kuvuna bila kuona hela. Kama hakiwezi, omba sehemu mbele au anza na oda ya kilo 500 kwa ndege yenye faida ndogo, usikubali kontena kwa ahadi.

Na usajili wa FDA unafanywa upya kila mwaka wa namba shufwa, kati ya 1 Oktoba na 31 Desemba, kwa hiyo 2026 ni zamu, halafu 2028. Weka kwenye simu ya wakala, ya mwenye kiwanda na ya broka, wote watatu, kwa sababu usajili ukifutika wakati mzigo uko baharini utasimama bandarini mpaka usajiliwe upya, na ghala la bandari linahesabu kwa siku.